Kwa nini paka mmoja ananimalizia hela kuliko mbwa wawili?

Nahodha Mstaafu
Wakuu, habari za jioni.

Nina mbwa wawili na paka mmoja dume, amehasiwa. Mwaka mzima nimetunza risiti zao kwenye bahasha tatu, kila mnyama na yake. Juzi nimezifungua nikajumlisha. Bahasha ya paka imezipita za mbwa zote mbili zikiwekwa pamoja. Chakula hakimo humo. Ni matunzo ya kawaida tu: chanjo, minyoo, viroboto, masikio, kupimwa.

Paka ana kilo nne. Mbwa mkubwa anagonga thelathini. Dawa si hupimwa kwa uzito? Sasa hesabu imegeukaje? Na mkishanijibu hilo, nambieni ninyi mnabana wapi bila kumtesa mnyama. Nawasilisha.

Kobe Mtaratibu
Nachukua siti ya mbele. Mimi ninao paka wanne na hizo bahasha sitaki hata kuzijua.

Tabibu wa Zizini
Mkuu Nahodha, minyoo na viroboto ni kwa uzito. Chanjo siyo. Mbwa wa kilo 3 na wa kilo 50 wanachomwa dozi ileile, maana chanjo kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili. Na ada ya kumwona daktari nayo haijui mizani. Anza kwa kuhesabu umelipa ada hiyo mara ngapi. Nahisi mbwa wako wanaingia mlangoni siku moja, paka anakwenda kivyake.

Nahodha Mstaafu
Mbwa naenda nao pamoja, ni kweli. Paka nikimchanganya nao garini hatufiki. Ila hata nikizitoa ada zote anaongoza bado, ingawa pengo linapungua.

Mama Pusi
Paka ni msiri jamani. Mbwa akiumwa atakufuata akulilie. Paka jino likimuuma anaendelea kula, anahamishia tu chakula upande wa pili wa mdomo, na wewe hujui lolote hadi siku anachuruzika mate. Kwa hiyo akifika kwa daktari tayari kashachelewa, panatakiwa damu, picha, na kulazwa usingizi ili mdomo ufunguliwe. Kwenye risiti imeandikwa "uchunguzi" na wewe unaitia kwenye bahasha ya mambo ya kawaida. Angalia vizuri.

Mzee wa Risiti
Msimzungushe mwenzenu. Hela inaliwa kwenye chanjo za kila mwaka. WSAVA, hicho chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, miongozo yao inasema wazi kwamba chanjo za msingi kwa mnyama mzima zisirudiwe chini ya miaka 3. Sasa jiulize kwa nini unatumiwa ujumbe wa kukumbushwa kila baada ya miezi 12. Mtoto achanjwe mara tatu, akifika wiki 12 biashara imeisha.

Kimbunga
Naunga mkono hoja asilimia mia. Tunapigwa mchana kweupe.

Tabibu wa Zizini
Mzee wa Risiti, hapo kuna kweli na kuna hatari, ngoja nizitenganishe.

Hiyo ya miaka 3 ni kwa chanjo hai za msingi (zenye virusi hai vilivyodhoofishwa): parvo, distempa na adenovirusi kwa mbwa, na panleukopenia, ile parvo ya paka, kwa paka. Leptospirosi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, si ya kundi hilo. Kinga yake haidumu, ndiyo maana mbwa aliye kwenye hatari hurudiwa kila mwaka. Kichaa cha mbwa kinafuata lebo ya chanjo yenyewe na sheria ya mahali ulipo. Kuna chupa ya mwaka mmoja na kuna ya miaka mitatu, na kama sheria inasema kila mwaka basi ni kila mwaka, usibishane na kadi.

Wiki 12 sikubaliani nayo kabisa. Mtoto ananyonya kinga kwenye maziwa ya mama, na kinga hiyo inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Hakuna anayejua kwa kumtazama tu lini imeisha. Kwa huyu inaisha wiki ya nane, kwa yule ya kumi na nne. Ndiyo sababu sindano hurudiwa kila wiki 2 hadi 4, na ya mwisho inatakiwa iwe wiki ya 16 au zaidi. Wapo watoto wenye "kadi kamili" wanaokufa kwa parvo kwa kuishia hapo kwenye 12.

Na Nahodha, kwa paka kuna jingine. Chanjo za mafua ya paka, ile ya herpesi na ile ya kalisi, kinga yake ni dhaifu kuliko ya panleukopenia. Paka anayeachwa kwenye nyumba za kulelea wanyama ukisafiri hushauriwa kurudia kila mwaka. Wa kwako anaachwa huko?

Nahodha Mstaafu
Anaachwa, ndiyo. Mbwa wanabaki nyumbani na mlinzi.

Mzee wa Risiti
Sawa, wiki 16 nimeipokea. Lakini kwenye miaka 3 sijasogea hata hatua.

Bishoo wa Bajeti
Mnalipa ada za nini? Mimi nanunua chanjo dukani, nachoma mwenyewe nyuma ya shingo, kwisha. Dawa ya viroboto nachukua ile ya kudondoshea ya mbwa mkubwa, nagawanya na sindano, mbwa wadogo wanapata na paka wanapata. Kirija kimoja, wanyama watano.

Mama Pusi
BISHOO. Paka hapana. Soma pembeni ya boksi. Ukikuta permethrini hiyo ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja namna la mbwa linavyoivunja.

Jirani yangu alifanya hilohilo. Niliitwa nikamkuta yule paka chini ya meza, masikio yanacheza yenyewe, kisha ngozi ya mgongo inatembea, kisha miguu yote minne. Macho makavu, hapepesi. Ukimgusa tu anaruka. Alioshwa na sabuni ya vyombo kwa maji ya vuguvugu akakimbizwa hospitali, akakaa kwenye dripu siku kadhaa. Alipona, lakini ile hela ingenunua dawa sahihi ya miaka mingi.

Hata paka anayelala na mbwa aliyepakwa leo anaweza kudhurika. Watenganishe mpaka ikauke kabisa.

Bishoo wa Bajeti
Yangu haina hiyo permethrini, nimeangalia sasa hivi. Shangazi usinipigie kelele.

Mama Pusi
Nakupigia, na nitaendelea. Wewe ulijua leo. Wanaosoma uzi huu kimyakimya je?

Tabibu wa Zizini
Kuhusu kujichomea: chanjo inakaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari adhuhuri moja, hai imekufa, unachoma maji. Huwezi kuona tofauti kwa macho. Halafu wapo wachache wanaovimba uso na kuishiwa pumzi dakika chache baada ya sindano, na nyumbani huna adrenalini ya kumwokoa. Na sehemu nyingi kadi ya kichaa cha mbwa isiyo na sahihi ya daktari haihesabiki, kwa hiyo ukitaka kusafiri na mnyama unaanza upya.

Ukitaka kuokoa hapo kuna njia safi. Chanjo ya kichaa huja pia kwenye chupa ya dozi 10. Majirani mkikusanyika na wanyama kumi, daktari anakuja mara moja, safari inagawanywa, chupa inaisha, hakuna kinachomwagwa. Na tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyoanza 2007. Ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Nchi nyingi huchanja bure karibu na tarehe hiyo, fuatilieni matangazo ya ofisi za mifugo.

Kimbunga
Pasteur si ndiye wa maziwa?

Kobe Mtaratibu
Ndiye huyohuyo. Chanjo ya kichaa aliitoa kwa binadamu mwaka 1885, kwa mtoto aliyeng'atwa na mbwa. Turudi kwenye mada.

Fundi Bomba
Mimi nina nadharia tofauti na zenu. Nahodha, kwenye bahasha ya paka viroboto wamejaa kiasi gani? Namaanisha risiti.

Nahodha Mstaafu
Hahaha. Ndizo nyingi kuliko zote. Kila akianza kujikuna nampaka. Mbwa nawapaka mara mojamoja, wao wanalala nje na siwaoni wakijikuna. Minyoo nayo inafuata, anapewa kidonge, baada ya muda naona tena vipande vyeupe mkiani.

Fundi Bomba
Basi paka wako analipia viroboto wa mbwa wako. Unamtibu anayelalamika, unawaacha wanaowabeba.

Kimbunga
Viroboto wa mbwa ni wengine na wa paka ni wengine mkuu.

Tabibu wa Zizini
Kimbunga, kwa majina ndiyo, lakini sehemu nyingi duniani anayekutwa zaidi mwilini mwa mbwa ni yule kiroboto wa paka. Hachagui. Fundi Bomba yuko sawa, wanyama wote wa nyumba hupakwa siku moja.

Na wale unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo. Mayai yanadondoka, lava anajichimbia kwenye zulia na nyufa za sakafu, pupa anajifunga humo na anaweza kusubiri miezi, akisikia mtikisiko wa hatua anatoka. Ukipaka mara moja ukaacha, wiki mbili mbele utasema dawa ni feki. Dawa ilifanya kazi, waliotoka sasa ni kizazi kingine. Fyonza zulia kwa mashine ya vumbi, tupa mfuko wake nje, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60. Sabuni na maji ya moto vinashinda kirija cha tatu cha dawa.

Sasa hivyo vipande vyeupe, ni vyembamba virefu au ni vifupi?

Nahodha Mstaafu
Vifupi, kama punje za mchele. Vingine vinajikunja.

Tabibu wa Zizini
Huyo ni tegu. Paka anampata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Kidonge unachompa kina nini?

Nahodha Mstaafu
Piranteli.

Tabibu wa Zizini
Hiyo inaua minyoo mviringo na safura. Tegu haimgusi. Unahitaji prazikwanteli, na viroboto wakibaki tegu atarudi hata kwa prazikwanteli.

Fundi Bomba
Uzi umefungwa. Nitumieni ada yangu ya ushauri.

Mzee wa Risiti
Haujafungwa. Kidonge cha minyoo bei yake haiwezi kuwafikia mbwa wawili. Bado nasema chanjo na hiyo nyumba ya kulelea.

Mama Pusi
Na bado hajatuambia kama paka alipimwa meno.

Nahodha Mstaafu
Meno hapana. Kuna siku moja alishindwa kukojoa, akawekewa mpira.

Mama Pusi
Kumbeeee! Na hiyo ni "matunzo ya kawaida"?

Nahodha Mstaafu
Kwani hela ilitoka mfukoni kwa nani?

Kobe Mtaratibu
Nimecheka mpaka nimeamsha nyumba.

Tabibu wa Zizini
Kwa wasiojua: paka dume anayechuchumaa kwenye mchanga mara kwa mara na hakitoki kitu, usingoje kesho. Mrija wake ni mwembamba, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku moja mbili. Hapo hakuna kubana matumizi.

Ila kinga yake ni rahisi, ni maji. Paka ni mvivu wa kunywa. Anayekula chakula kikavu peke yake anapata maji kidogo, mkojo unakolea. Weka mabakuli kadhaa mapana mbali na chakula na mbali na mchanga wake, changanya na chakula cha majimaji. Uzito nao upunguzwe, paka wanene wanaziba zaidi.

Dada wa Zamu
Nimefurahi mmefika kwenye uzito, maana humo ndimo hela inamovuja na hamsemi. Mbwa mnene anakula zaidi, anapewa kidonge cha daraja la juu zaidi, viungo vinamuuma mapema. Kuna utafiti ulichapishwa 2002, Labrador 48, nusu wakapewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao maisha yao yote. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Kikombe cha kupimia ndicho dawa rahisi kuliko zote kwenye uzi huu. Ukimshika mbavuni uzihisi bila kubonyeza.

Na kumpima uzito si lazima uende kliniki. Panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa.

Bishoo wa Bajeti
Mbwa wangu wa kilo arobaini nitambebaje dada?

Dada wa Zamu
Aliyegawanya kirija kwa wanyama watano hatashindwa na hilo.

Kimbunga
Mimi paka wangu anakula chakula cha mbwa, gunia kubwa, wote chungu kimoja. Afya tele.

Mama Pusi
Afya tele kwa sasa. Paka hawezi kujitengenezea kirutubisho kiitwacho taurini cha kutosha, mbwa wengi wanaweza, kwa hiyo chakula cha mbwa si lazima kiwe nayo. Ikikosekana, macho yanapofuka na moyo unatanuka. Jambo la moyo liligunduliwa 1987, hadi leo watu wanalishana gunia moja.

Kobe Mtaratibu
Na gunia kubwa ni rahisi kama linaisha. Likikaa wazi mafuta yanachacha, wanyama wanakisusa, unatupa. Liache kwenye mfuko wake, funga mdomo, weka pakavu.

Mzee wa Risiti
Hakuna aliyetaja kuhasi na kufunga kizazi. Unalipa mara moja. Paka jike anabeba mimba wiki tisa tu na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Jike asiyefungwa akizeeka anaweza kupata usaha kwenye kizazi, na upasuaji wa dharura wa huo si bei ya kufunga. Dume anatulia, hazururi, hapigani, majipu ya kung'atwa yanakwisha. Vyuo vya udaktari wa wanyama mara nyingi hufanya kwa bei nafuu, wanafunzi wakisimamiwa.

Fundi Bomba
Mzee leo umekubali kulipa daktari? Tuiweke kwenye kumbukumbu.

Mzee wa Risiti
Nalipa kinachofanya kazi. Na naomba daktari aniandikie jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, nanunua iliyo sawa nayo famasi.

Dada wa Zamu
Akuandikie yeye lakini, na dozi. Usijiongeze. Parasetamoli kidonge kimoja kinamuua paka. Ibuprofeni inatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Ivermektini ya ng'ombe watu wanaipima kwa macho, na mbwa wa ukoo wa Collie wengi wana hitilafu ya kurithi inayoiachia dawa hiyo iingie kwenye ubongo.

Kimbunga
Meno je? Mimi nawapa mifupa.

Tabibu wa Zizini
Mfupa uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha. Mgumu sana unapasua jino. Kucha yako isipoacha alama juu yake, usimpe. Piga mswaki, kila siku ukiweza, na dawa ya meno ya wanyama. Ya kwako ina vitu visivyofaa kumezwa, nyingine ina ile sukari mbadala, xylitol, inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ghafla.

Kucha mnaweza kukata wenyewe. Nyeusi kata kidogokidogo huku ukitazama ulipokata. Kikitokea kidoti cha rangi nyingine katikati, simama. Ukivuka ikatoka damu, bonyeza wanga wa mahindi hapo.

Nahodha Mstaafu
Nimewasoma wote. Prazikwanteli nimeiandika, kesho wote watatu wanapakwa. Kuhusu mpishano wa bahasha naona nina majibu manne na kila mmoja anajiona mshindi.

Mama Pusi
Kampime meno.

Mzee wa Risiti
Angalia kadi.

Kobe Mtaratibu
Kabla hamjaondoka wataalamu. Hicho kidonge cha paka kinaingiaje mdomoni? Mimi nalipa kliniki wanipe tu, kwa wanne, na hiyo ndiyo ada yangu kubwa kuliko zote.

Dada wa Zamu
Mviringishe kwenye taulo, kichwa tu kibaki nje. Mkono wa kushoto ushike kichwa kwa juu, vidole kwenye pembe za taya, kielekeze pua juu kidogo, taya la chini litalegea. Kidonge kidondoshe nyuma kabisa ya ulimi, si katikati. Kisha msukumie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo. Maji usiyaruke. Vidonge vingine, hasa vya antibayotiki ya doksisaiklini, vikikwama kooni vinaunguza umio wa paka.

Kobe Mtaratibu
Taulo nimelipata. Paka wa kwanza kashaliona, yuko juu ya kabati. Nawaambieni baadaye.